Natumika kanisani miaka 6 lakini nyumbani sioni tunda la Roho, nakosea wapi?

sauti_ya_alfajiri (mleta mada)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika usiku huu watoto wamelala na baba yao yuko safari, nimeandika nikafuta mara tatu sasa naituma hivi hivi mnisaidie.

Nimeokoka huu mwaka wa 6. Niko timu ya sifa na kuabudu, Ijumaa mkesha, Jumatano maombi ya kina mama, mfungo wa mwanzo wa mwaka sijawahi kukosa, fungu la kumi natoa. Mtu akiniona kanisani anasema huyu dada amekaa kwenye uwepo wa Mungu. Sasa njoo nyumbani kwangu.

Jumapili iliyopita asubuhi tunajiandaa kwenda ibada ya kwanza, dada wa kazi anatoa chupa ya chai jikoni apeleke mezani, mlango wetu wa jikoni una kizingiti kimenyanyuka kidogo, akajikwaa, chupa ikadondoka kile kioo cha ndani kikapasuka, mnaijua ile sauti, kama kitu kimeshusha pumzi kwa nguvu, chai ikasambaa mpaka chini ya friji. Jamani maneno niliyomwambia yule binti mengine siwezi kuyaweka hapa. Nilimwambia hivi mama yako hakukufundisha kushika kitu, na najua kabisa mama yake anaumwa kijijini na ndio sababu yuko kwangu. Hakujibu, alichuchumaa akaanza kuokota vioo kwa mkono mmoja, ule mwingine chai ilimuunguza na mimi sikuuliza. Nikamwambia chupa ni 25,000 nakata mwisho wa mwezi. Nikajipaka rangi ya mdomo nikapanda bajaji, dakika 40 baadaye nimeshika maiki nimefumba macho, naimbisha, watu wanalia.

Na mimi nililia. Hapo ndipo panaponiogopesha. Sikuigiza, nililia machozi ya kweli na nikahisi kabisa Mungu yuko karibu, yule binti hakunijia kichwani hata mara moja. Nimerudi saa 8 mchana nakuta ananawisha mtoto na kidole amekifunga kipande cha kanga, ndio nikakumbuka.

Tangu siku hiyo nikifungua Wagalatia 5:22, upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi, nayasoma kama mtu anayepita mbele ya duka la mwenzake anatazama bidhaa, mimi kwangu hamna hata kimoja. Kwenye huduma niko vizuri, kwenye tabia ni yule yule wa kabla sijaokoka, sema nimejifunza kunyamaza mbele za watu. Hivi mtu anawezaje kumtumikia Mungu miaka yote hii na hazai? Nifanye nini, niongeze maombi? Niongeze mfungo? Nimechoka kujikaza wapendwa, nikijikaza Jumatatu Jumatano nimelipuka tena.

---

moto_wa_madhabahu

Amina dada, pole sana. Hilo si suala la tabia hilo, ni roho ya hasira na mara nyingi inafuata ukoo. Jiulize, mama yako alikuwa na hasira? Bibi je? Kama ndiyo basi hapo kuna kitu kimefungwa kwenye msingi. Nakushauri mfungo wa siku 21, asubuhi Zaburi, usiku wa manane unavunja maagano ya ukoo kwa damu ya Yesu, na utafute mtumishi mwenye neema ya ukombozi akuwekee mikono. Nimeona watu wengi wakifunguliwa. Hasira ni moto na moto unazimwa kwa moto wa madhabahu. Ubarikiwe.

---

shamba_zabibu_dom

Shalom dada, na shalom mtumishi uliyetangulia. Sipingi mfungo, nafunga pia. Ila dada ameuliza kwa nini hazai na mimi kuzaa ndiyo kazi yangu, nalima zabibu huku Hombolo Dodoma, ngoja niseme ninachokijua kwa mikono yangu halafu mtapima.

Watu wengi Tanzania wanahubiri Yohana 15 hawajawahi kuuona mzabibu. Sisi huku tunaishi nao, wamisionari wa Kikatoliki waliuleta pale Bihawana na wazee wetu wakajifunza kwao. Mzabibu hausimami wenyewe, unapigiwa nguzo na waya, matawi yanatambaa juu ya waya. Sasa sikiliza hili. Wakati mwingine kwenye kupogoa unakata tawi kwa bahati mbaya, mkasi umeteleza, na hujui kwamba umelikata maana halianguki. Limeshikwa na waya, limesukana na wenzake, majani bado ya kijani. Ukipita asubuhi ile unasema shamba limependeza. Jioni jua la Dodoma likishafanya kazi yake ndio unaona katikati ya kijani kuna majani yamelegea kama kitambaa kibichi, unavuta, unaondoka na tawi zima mkononi.

Waya unalishika lile tawi lakini waya haulilishi. Dada yangu, ratiba ya kanisani ni waya. Mkesha, timu ya sifa, maombi ya kina mama, vyote vizuri na mimi sitaki shamba lisilo na waya, zabibu zikilala chini zinaoza. Lakini tawi linaweza kusimama kwenye waya siku nzima lina kijani na halinywi kitu kutoka kwenye shina. Sisemi wewe umekatika, machozi yako ya usiku huu yanaonyesha kuna maji yanapita bado, tawi kavu halilii. Nasema tu kwamba swali lako la "niongeze nini" ni swali la kuongeza waya.

Yesu hakusema zaeni kwa nguvu. Alisema "Kaeni ndani yangu, nami ndani yenu." Kazi ya tawi ni kukaa. Mimi sijawahi kusikia tawi linajikaza lizae, nimelima mwaka wa 11 huu.

Na kuna la pili, kupogoa kwenyewe. Zabibu huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi halafu Agosti na Septemba, na kila msimu unaanzia kwenye mkasi. Usipopogoa mzabibu unafanya nini? Unastawi! Unatoa majani hayo, unajaza waya wote, mgeni anausifia, ukifunua ndani vishada vitatu vyembamba na ukungu mweupe kwenye majani maana hewa haipiti. Tunda linakaa kwenye chipukizi jipya, na chipukizi jipya linakuja ukikata la zamani ukabakiza macho mawili matatu tu, yaani vile vifundo vinavyochipua. Siku ya kupogoa mkulima anaonekana katili, shamba linabaki kama vijiti vya kuwashia moto. Na ukikata wakati maji yamepanda, pale penye kidonda panadondosha maji tone tone, hapo mzabibu unalia, na sisi hatuogopi kabisa, tunajua shina liko hai.

Angalia Biblia yetu ilivyosema, "kila tawi lizaalo hulisafisha, ili lizidi kuzaa", halafu mstari unaofuata "Ninyi mmekwisha kuwa safi kwa sababu ya lile neno nililowaambia." Safisha, safi. Mkasi ni neno lake. Wewe Jumapili ulisomewa neno na kidole cha yule binti kilichofungwa kanga. Usikimbie kwenye mfungo kabla hujamaliza kusikiliza pale.

Kingine kidogo. Mtume Paulo akitaja ya mwili anasema "matendo" ya mwili, mengi, akija kwa Roho anasema "tunda", moja. Ukiona huna uvumilivu usiende kuutafuta uvumilivu peke yake kama mtu anatafuta nyanya sokoni baada ya kupata vitunguu. Ni tunda moja, linatoka pamoja, linaanza dogo na chungu. Zabibu changa ukionja utatema.

---

sauti_ya_alfajiri

Kaka wa zabibu nimesoma hii mara nne. Waya. Dah. Mimi ni mtu wa waya kabisa, nikikosa Jumatano moja napata hatia wiki nzima ila naweza kukaa mwezi sijafungua Biblia kwa ajili yangu mwenyewe, naifungua nikitafuta mistari ya kusema katikati ya nyimbo.

Lakini kukaa ndani yake ndio kufanyaje? Kila mchungaji anasema kaa ndani ya Yesu, nikitoka pale mlangoni sijui nianzie wapi, niko na watoto wawili, mmoja ananyonya, kazini naingia saa 2.

---

mkatoliki_wa_kigango

Mnisamehe mimi ni Mkatoliki napita tu. Dada hilo swali lako lina mtu aliyeliishi, bruda mmoja wa Wakarmeli kule Paris anaitwa Ndugu Lawrence, alifariki 1691. Alikuwa askari akajeruhiwa mguu, alipoingia utawani wakamuweka jikoni, na jikoni alikuwa hapapendi. Akajizoeza kuongea na Mungu pale pale kwenye masufuria, maneno mafupi tu, mpaka akawa anasema kwake saa ya kazi haikuwa tofauti na saa ya sala, hata kugeuza mayai kwenye kikaango alifanya kwa kumpenda Mungu. Hakupata muda zaidi, alikuwa mpishi wa nyumba nzima. Alibadilisha yule aliyekuwa anaongea naye kichwani wakati anapika. Na alikiri ilimchukua miaka, na alikuwa anasahau kila siku, akisahau anarudi bila kujipiga sana. Jikoni kwako ndipo chupa ilipopasukia, anzia hapo hapo.

---

mjukuu_wa_katoke

Tumsifu Yesu. Nimelelewa Kagera kwenye nyumba ya watu wa uamsho, labda nina kitu cha kuongeza kwa sababu naona tunaongelea kukaa na Yesu kama jambo la mtu na chumba chake, bibi yangu asingekubali.

Kwa wasiojua, uamsho wa Afrika Mashariki watu husimulia kwamba ulianzia na watu wawili tu, mwaka 1929 pale kilima cha Namirembe Kampala, daktari Mwingereza Joe Church aliyekuwa anafanya kazi hospitali ya Gahini Rwanda, alikuwa amechoka kiroho kama wewe dada, na Mganda Simeoni Nsibambi. Walikaa wakasoma Biblia na kuomba pamoja kuhusu kujazwa Roho. Mmisionari na Mwafrika wakati ule kukaa hivyo kama ndugu, hilo peke yake lilikuwa tunda. Miaka ya 1930 ikawaka Gahini, ikashuka Uganda, ikafika kwetu Bukoba. Waliitwa Balokole, waliookoka.

Sasa hao watu walijulikanaje? Kuimba waliimba, lakini waliogopwa kwa kingine, walirudisha vitu. Babu yangu alibeba jembe la misheni kichwani akatembea nalo mchana kweupe kulirudisha, alikuwa ameliiba akiwa kibarua, na kila aliyekutana naye njiani alimuuliza unaenda wapi na jembe ilhali si msimu, na kila mmoja alimjibu ukweli. Bibi alikuwa anasema lile jembe lilihubiri kuliko mahubiri yote aliyowahi kusikia. Wao waliita kutembea nuruni, ile 1 Yohana 1:7, "tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi". Ukimkosea mtu huendi kwa Mungu kwa kupita nyuma ya nyumba yake. Unaenda kwake, unasema kosa kwa jina lake, halafu mnaenda wote msalabani.

Nisidanganye, kuna ubaya uliingia pia, baadaye wengine wakaanza kupimana, nani kavunjika nani bado, na watoto tuliolelewa pale tulijifunza kutunga dhambi ndogo za kukiri Jumapili ili tusiulizwe kubwa. Hilo nalo niliseme. Lakini ule moyo wa mwanzo naulilia mpaka leo.

Dada, umetuambia sisi tusiokujua kosa lako vizuri kabisa, na kizingiti na friji. Yule binti umemwambia nini? Mathayo 5:23 na 24, ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako iache sadaka yako mbele ya madhabahu, "uende zako, upatane kwanza na ndugu yako". Maiki yako ni sadaka. Na ile 25,000 soma Yakobo 5:4, ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele zimefika masikioni mwa Bwana. Nakuambia kwa upendo, unapoimba Jumapili hiyo sauti nayo inaimba.

---

moto_wa_madhabahu

Nimesoma wote. Mtumishi wa zabibu na ndugu wa Katoke mmesema neno. Bado naamini kuna vifungo vya ukoo na sitaacha kuviombea lakini nakubali nilirukia mfungo kabla ya kumtaja yule binti, hata sikumtaja. Anastahili kutajwa kwanza. Dada samahani.

---

nilikuwa_dada_wa_kazi

Nimekaa kimya nasoma tangu jana, mikono inatetemeka kuandika.

Mimi nilikuwa yule binti. Nilitolewa Singida nina miaka 15, nikafanya kazi nyumba tatu Dar, zote za waliookoka. Niwaambie kitu ambacho kwenye semina hamtaambiwa, tunda la Roho la mtu tunaliona sisi. Mchungaji wako anakuona saa mbili kwa wiki umevaa vizuri. Sisi tunakuona ukiamka, tunakuona umeme umekatika na unga umeisha na mume hajapokea simu.

Nyumba ya kwanza nilikuwa na sahani yangu na kikombe changu, vya plastiki, vinakaa chini ya sinki. Na maombi ya jioni yalikuwa yanafanyika sebuleni mimi nasikilizia koridoni, wanaombea mataifa. Sikuwachukia, nilidhani ndivyo Mungu alivyo, ana watu wa sebuleni.

Nyumba ya tatu mama alikuwa wa kawaida tu. Hakuwa na huduma yoyote kanisani, sauti yenyewe ya kuimba hana. Siku moja alipoteza 50,000 akanishuku, hakunipiga hakunitukana ila aliniuliza kwa namna ambayo nilijua ameshanihukumu. Jioni akaikuta kwenye pochi yake nyingine. Mimi niko uani nachambua mchele kwenye ungo, akaja, mtu mzima yule na magoti yake yanamuuma, akachuchumaa pembeni yangu akaniambia mwanangu nimekukosea, nilikuita mwizi moyoni na wewe si mwizi, nisamehe. Halafu hakuondoka. Akaanza kuchambua mchele na mimi, kimya, mpaka ungo ukaisha. Mimi nimeokokea kwenye ule ungo wapendwa. Hakunihubiria hata mstari mmoja siku ile.

Kwa hiyo dada mleta mada nenda, lakini nikuombe vitu viwili. Usilie mbele yake sana, ukilia itabidi akubembeleze wewe, na yeye ndiye aliyeungua. Na usimpe zawadi badala ya neno. Tukikosewa halafu tukapewa gauni tunajua kabisa maana yake, maana yake tunyamaze.

---

sauti_ya_alfajiri

Wapendwa narudi, imepita wiki na siku mbili. Nilisema nisirudi mpaka niwe na ushuhuda mzuri, ushuhuda wenyewe naona hautakuja katika hali hiyo, nawaeleza ilivyo.

Siku ile ile niliposoma ya dada hapo juu nilienda. Alikuwa anakunja nguo. Nikamwita kwa jina nikamwambia nataka kuongea na wewe, jamani yule mtoto alivyoshtuka, akasimama, akaniuliza nifungashe? Alidhani namfukuza. Miaka 2 yuko kwangu na mimi nikisema nataka kuongea na wewe yeye anasikia nifungashe. Nilikuwa nimeandaa maneno yakapotea yote. Nikakaa chini kwenye zile nguo nikasema nilikutukana na mama yako nikamtukana, uliungua sikukuuliza, nilikukata hela ambayo si haki, nimekosa mbele ya Mungu na mbele yako. Nikampa 25,000 mkononi. Sikulia, nilijizuia kwelikweli.

Akasema haina shida mama. Hakuniangalia. Akaendelea kukunja. Nilitamani aseme nimekusamehe tukumbatiane, hakusema, na nikajikuta naanza kukasirika kwa nini hasemi! Hapo ndipo nikaona jinsi nilivyo, nimeenda kuomba msamaha na bado nataka nilipwe. Nikakumbuka ungo wa mchele nikachukua shati nikakunja na mimi. Tulimaliza kapu lote. Mwishoni akasema kile kizingiti hata baba hujikwaa, basi.

Timu ya sifa nimeomba nipumzike mwezi mmoja. Kiongozi hakufurahi, aliniuliza umeanguka dhambi gani, nikamwambia hakuna ya kutangaza ila shina langu limekauka nataka kunywa maji. Sijui kama alinielewa. Jumapili ya kwanza kukaa kwenye viti vya kawaida nilijisikia kama sina nguo, sikujua mikono niiweke wapi.

Asubuhi naamka dakika 20 kabla ya mtoto, nasoma Yohana polepole, sijatoka hata sura ya 15, siandiki pointi, sitafuti cha kusema kwa watu. Siku mbili nimesinzia humo humo. Jikoni najaribu yale ya yule bruda, maneno mafupi, Bwana uko hapa, nasahau, nakumbuka tena mchana wakati naosha chupa ya mtoto.

Na Alhamisi nililipuka tena, msidhani nimekuwa malaika. Alisahau kuanika sare ya shule, saa 12 asubuhi sare imelowa. Sauti ilishapanda nikasikia maneno yanakuja yale yale ya mama yako, yamefika mdomoni kabisa. Nikanyamaza katikati ya sentensi. Hiyo nayo si upole, ni kama nilifungwa breki tu, lakini nilienda nikapiga pasi ile sare ikiwa mbichi, mvuke unatoka, na yeye akashika upande wa pili wa kola. Tulichelewa. Hakuna aliyetukanwa.

Nimenunua chupa mpya ya chai. Anaibeba kwa mikono miwili ameikumbatia kifuani na akifika kwenye kizingiti anasimama kwanza, ananiangalia mimi, ndio anavuka. Kila asubuhi. Kaka wa zabibu ukipogoa leo unakula lini?

---

shamba_zabibu_dom

Miezi minne hivi kama maji yapo dada. Wiki mbili za kwanza hutaona kitu zaidi ya macho kuvimba. Na fundi wa kumwaga zege mwite aje akisawazishe kizingiti, si kila kitu ni cha kuombea.

---

nilikuwa_dada_wa_kazi

Mungu akutunze dada yangu, nimelia ofisini. Nikuulize kitu kimoja tu, Jumapili yeye huwa anaenda ibada wapi?

---

sauti_ya_alfajiri

Huwa anabaki na mtoto mdogo, na anapika ili tukirudi tukute chakula.

Miaka 2. Sijawahi kumuuliza kama anataka kwenda. Bado hajalala, nasikia anafunga madirisha, ngoja nimuulize sasa hivi.